Waulizeni wenyewe

Hotuba kwa watangazaji na waandishi chipukizi wa redio, Mombasa

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na kwa wote, hamjambo wanangu?

Nimeombwa nizungumze juu ya lugha ya heshima hewani, na naona wengine mmeshafungua madaftari mkingoja orodha: semeni hili, msiseme lile. Orodha sikuja nayo. Orodha ya mwaka huu, miaka kumi ijayo itakuwa imepitwa, na mtangazaji aliyeikariri atabaki anashangaa kwa nini simu zinalia studio. Nimekuja na neno moja tu. Jina la watu ni mali ya watu hao. Kama hujui wanataka waitwe nani, waulize. Ukishaambiwa, litumie, hata kama wewe unadhani unalijua lililo zuri zaidi.

Hapo penye "hata kama" ndipo kazi ilipo, na ndipo nitakapokaa zaidi leo.

Nianze na sisi watu wa mjini, maana ulimi wetu tunaujua wenyewe. Mababu zetu wa Mji wa Kale waliwatazama watu wa Rabai, wa Ribe, wa Kaloleni, wa Kwale huko, wakawaita Wanyika. Nyika ni porini. Mtu alikuja na muhogo wake, na tumbaku yake, na tembo la mnazi, tukanunua, tukala, kisha tukamwita wa porini. Mmishenari Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alilikuta neno hilo vinywani mwa watu akalichukua kama lilivyo. Miaka miwili baadaye yeye na mwenzake Johannes Rebmann wakaweka kituo Rabai. Waliishi na Warabai, wakajifunza lugha yao kwa bidii ambayo leo hatuna, wakaandika maneno yake moja moja. Na bado kamusi hiyo ilipochapishwa London mwaka 1887, ilitoka kwa jina la Kinika. Serikali ya kikoloni nayo ikalipokea, ikaliandika kwenye ramani na madaftari yake. Kejeli ya mtaani ikawa imepata cheti.

Sasa nauliza: wenyewe walijiita nani muda wote huo? Mgiriama alikuwa Mgiriama. Mchonyi, Mchonyi. Mduruma hakuwa na shida yoyote ya kujua kuwa yeye ni Mduruma. Lilipohitajika jina la pamoja, walilitafuta wenyewe. Miaka ya 1940 wakaunda Mijikenda Union, na humo walikuwamo watu waliokuwa wakila jasho lao hapahapa kisiwani, bandarini na kwenye reli. Wadigo, Waduruma, Wagiriama, Wachonyi, Wakauma, Wakambe, Waribe, Warabai, Wajibana. Miji kenda, yaani tisa. Mwaka 2008 UNESCO ilipoziingiza kaya, misitu yao mitakatifu, katika orodha ya Urithi wa Dunia, jina lililoandikwa lilikuwa hilo walilochagua, si lile tulilowapa sisi.

Wako wasemao kwamba Mijikenda ni jina jipya, jina la siasa, halina asili. Nawasikia barazani, na nawasikia vyuoni pia, wakisema kwa maneno makubwa zaidi. Hoja hiyo hainiingii. Kalenjin nalo lilipata nguvu miaka hiyohiyo ya 1940, na Luhya si jina la enzi za Nabii Nuhu. Kabla ya hapo serikali iliwachanganya Waluhya na Wajaluo kwenye mfuko mmoja ikawaita Wakavirondo, na Wakipsigis ikawaita Walumbwa, na Wapokot ikawaita Wasuk. Je, turudi huko kwa sababu ni majina ya zamani? Watu wakikaa kikao wakapatana waitwe nani, upya wa jina haupunguzi kitu. Mtoto aliyezaliwa jana jina lake ni jina.

Lakini angalieni, msije mkalichukua Mijikenda mkalifanya kofia ya kuwafunika wote. Kama habari yako inamhusu mvuvi wa Msambweni na amekwambia yeye ni Mdigo, andika Mdigo. Jina la pamoja ni la siku ya pamoja.

Tukishamaliza kuwakosea wenzetu, twarudi nyumbani kulalamika tunavyokosewa sisi. Na kweli twakosewa. Mtu wa Nairobi akisema "acha uswahili" ana maana acha ujanja, acha maneno mengi, acha kuahidi usichotimiza. Dar es Salaam, uswahilini ni mtaa wa vibanda na kelele. Mswahili wa Mvita akisikia hivyo moyo unamuuma, na ana haki. Twataka jina letu liheshimiwe. Vizuri. Lipi?

Maana ukiingia ndani utakuta mambo. Kuna Thenashara Taifa, kumi na mawili: Thelatha Taifa, ambao ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa Taifa, ambao ni Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Nenda Jomvu Kuu ukamwambie mzee wa pale kwamba yeye ni Mswahili basi, yamekwisha. Atakukaribisha kahawa kwanza, kisha atakufundisha, na hutaondoka kabla ya adhuhuri. Mwamu atakwambia yeye ni wa Amu, yaani Lamu. Mbajuni atakwambia yeye Mbajuni, na mwengine atakwambia Mtikuu.

Mkoloni hakuwa na subira ya kahawa. Alikuwa na visanduku vyake: Mzungu, Mhindi, Mwarabu, Mwafrika. Kodi ilifuata kisanduku, kura ilifuata kisanduku, hata ardhi. Watu wa pwani hii, ambao nyanya mmoja ni wa Pate na babu mmoja ni wa Maskati na mjomba ni Mgiriama aliyesilimu, wakalazimika kuchagua. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuandikwa katika visanduku viwili. Msishangae basi mkikuta leo mzee mwenye wasiwasi ukimuuliza kabila lake. Kwake swali hilo lina historia ya kodi ndani yake. Muulize kwa utaratibu.

Na mjini humu yako mengine. Waliotoka Hadhramaut wakaja kuuza maji na kahawa na kubeba mizigo tuliwaita Washihiri, kwa bandari ya Shihr, hata yule aliyetoka Tarim ndani kabisa. Ilikuwa ni njia ya kusema maskini wa Kiarabu. Wajukuu wao wengine wamo ukumbini humu na naona wanatabasamu. Wengi wao watakwambia Hadharami. Wahindi nao twawaita Wahindi, basi, kana kwamba Mbohora wa Mji wa Kale na Singasinga na Mgoa na Ismailia na Ithnaasheri walishuka jahazi moja. Mbaluchi wa Makadara, ambaye babu zake walikuja kama askari, ukimwita Mhindi mbele ya msikiti wake utajua hujui.

Na hapa nitasema jambo ambalo walimu wenzangu wa Kiswahili hawatalipenda. Ile methali ya Baniani mbaya kiatu chake dawa, mimi hewani siisemi. Sitaki ifutwe vitabuni, na mwanafunzi aisome, aelezwe ilitoka katika hali gani ya madeni na maduka. Lakini asubuhi saa moja, nikitaka kusema kwamba mtu usiyempenda aweza kukufaa, lugha hii ina njia nyingine hamsini za kusema hivyo bila kumtukana mwenye duka anayenisikiliza akifungua mlango wake barabara ya Biashara.

Haya, na watu wa bara. Mwezi wa Aprili mwaka 2022, uchaguzi ukikaribia, Tume ya Uwiano na Utangamano ya Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya kuchunga. Watu wengi wanakumbuka madoadoa na hatupangwingwi. Sisi wa pwani tulikuwa na mchango wetu humo: "wakuja" na "wabara waende kwao." Najua malalamiko yaliyo nyuma ya maneno hayo, ya ardhi na kazi za bandarini, na si ya uongo. Lakini mama aliyezaliwa Mikindani, akaolewa Mikindani, akazika wazazi wake Mbaraki, akiitwa wa kuja, amekuja kutoka wapi? Malalamiko ya ardhi yasemeni kwa jina lake: hati, maskwota, mabwanyenye wasioonekana. Hayahitaji kubandikwa kwa muuza mboga.

Nivuke sasa niende kwa watu ambao kwao jina la kubandikwa limefanya madhara makubwa kuliko kuudhi.

Wamaasai walikuwa na neno la mtu asiye na ng'ombe, na kwao kukosa ng'ombe ni kukosa utu mzima. Wazungu wakalichukua wakawaita wawindaji wote wa misituni Wandorobo. Wale wa msitu wa Mau wenyewe ni Ogiek. Kwa miaka mingi serikali iliona ni watu wasio na mahali, wala si kabila kamili, wa kuhamishwa tu. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki zao, na ikawatambua kuwa ni watu asilia. Katika kesi hiyo walisimama kwa jina lao. Sijui kama wangefika Arusha wakiitwa "watu wasio na ng'ombe."

Karibu nasi zaidi, wako Waata, ambao vitabu vya zamani na wakubwa wa mbuga waliwaita Waliangulu, na majirani wakawaita Wasanye. Walikuwa mabingwa wa upinde na ndovu. Mbuga ya Tsavo ilipoundwa mwaka 1948, kazi ya baba na babu ikawa jinai, na Waata wakajulikana kwa jina jingine tena: majangili. Na kule Lamu wako Waaweer. Wangapi hapa mmewahi kusema Aweer hewani? Boni mmesema. Mwaka 2015 serikali ilipoanzisha operesheni ya usalama ikaipa jina la Linda Boni, na kila taarifa ya habari ikawa Boni asubuhi, Boni jioni, likichanganyika na mabomu na al-Shabaab. Msitu uitwao Boni ni jina la ramani, litaje, huna la kufanya. Watu, ukiwahoji, waite Waaweer. Sentensi moja yatosha: "Jamii ya Waaweer, wanaojulikana na wengi kama Waboni." Wiki ya tatu hutahitaji tena kile kipande cha pili.

Ipo hali nyingine ambapo jina ni riziki. Wamakonde waliletwa hapa kutoka Msumbiji zamani za ukoloni kukata miwa na mkonge. Wakazaa, wakajukuu, Kwale huko, bila kitambulisho. Bila kitambulisho hufungui akaunti, laini ya simu husajili, mtoto akimaliza shule anakwama. Oktoba 2016 walitoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kudai watambuliwe, wakafika Ikulu, na mwaka uliofuata wakatangazwa kabila la 43 la Kenya. Mwaka huohuo Wakenya wenye asili ya Asia wakatangazwa la 44. Wapemba, ambao wamevua bahari hii kutoka Vanga hadi Kilifi tangu kabla Kenya haijaitwa Kenya, walingoja mpaka 2023.

Nataka mkae kidogo na Wapemba. Miaka yote hiyo ya kungoja, wapo waliojiandikisha kwa kabila la jirani ili wapate karatasi. Mtu alikwenda kwa chifu akasema yeye ni fulani, akatoka na kadi ya kitambulisho, na kuanzia siku hiyo akaishi na uongo mdogo mfukoni, ambao kila akisimamishwa na polisi ulimtoa jasho. Kwa hiyo Mpemba wa Shimoni akikwambia leo kwenye maikrofoni yako "mimi ni Mpemba wa Kenya," usimkate. Usimsahihishe useme, "yaani Mswahili kutoka Pemba." Alisubiri muda mrefu kusema maneno hayo kwa sauti.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vijana mnalikosea kwa nia njema, nalo lanipendeza kwa sababu linapima kama mmenielewa.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, yasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa utu na heshima, na ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Soma tena: kuitwa na kutajwa. Walioandika Katiba walijua kwamba jina ni haki, wakaliweka pamoja na haki ya kusoma shule na kufika mahali pa umma. Ndiyo maana tumeacha kusema viwete na vilema, tunasema watu wenye ulemavu. Zeruzeru tumeacha, au tungepaswa tuwe tumeacha, na tunasema watu wenye ualbino. Sensa ya 2019 iliwahesabu 9,729, na hilo tu, kuhesabiwa, lilikuwa ni habari.

Mpaka hapo kila mtu anatikisa kichwa. Ndipo mtangazaji mwenye adabu zake anapata taarifa ya maandamano ya viziwi, analitazama neno kiziwi, anaona lina ile "ki" ya kiti na kikapu, anaogopa. Anaandika: "watu wenye matatizo ya kusikia." Anajiona ameheshimu.

Nenda ukawaulize. Viziwi wengi, hasa wale waliokua na lugha ya ishara, watakwambia wao ni viziwi na hawana tatizo. Wana lugha yao, inatajwa katika Katiba hiyohiyo: Lugha ya Ishara ya Kenya ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Tatizo ni lenu nyinyi msioijua. Jirani zetu Tanzania chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi, CHAVITA, jina walilojipa. Neno wasilolitaka ni bubu, maana bubu ni mtu asiye na lugha, na wao wanaongea kutwa kwa mikono. Lakini huko huko Tanzania, wenzao ambao wengi wetu tungewaita vipofu walikiita chama chao Chama cha Wasioona. Tazameni basi. Nchi moja, lugha moja, vyama viwili katika shirikisho moja. Kimoja kimelishika neno la zamani, chengine kimeliacha. Ungekaa ofisini na kamusi yako ukitafuta kanuni ingekushinda, kwa sababu kanuni haiko kwenye kamusi. Iko kwa wenyewe.

Na ndiyo maana sipendi hii tabia ya kutunga majina matamu kwa niaba ya watu. "Watu wenye mahitaji maalum." Maalum gani? Mtu anataka ngazi iwe na mteremko wa kiti cha magurudumu, na afisi ya serikali iwe nayo kama duka la peremende lilivyo nayo. Huo si umaalum, ni mlango.

Watu waishio na virusi vya ukimwi walishatufundisha somo hili kitambo. Mwaka 1983, Denver, Marekani, wagonjwa wachache walisimama wakasema hawataki kuitwa waathiriwa, kwa kuwa neno hilo lina maana wameshindwa. Wakasema wao ni watu wenye ukimwi. Ugonjwa wenyewe ulikuwa haujamaliza miaka mitatu tangu ujulikane, dawa hakuna, na hao walikuwa wakifa, lakini jina walilichukua mikononi mwao. Leo sisi twasema watu wanaoishi na virusi bila kukumbuka kwamba kuna waliopigania kile kitenzi cha "kuishi."

Basi mkitoka hapa mtapita Kisauni, mtapita Old Town, Ukunda, mtawaona vijana walioshikwa na unga. Mateja, ndivyo tunavyowaita, na hata taarifa ya habari husema mateja wamevamia, mateja wameiba nyaya. Wapo waliomaliza dawa zao za methadoni, za kuachia unga, wanafanya kazi, na bado mtaa wawaita mateja. Wahojini. Wengine watakwambia mraibu, wengine watakwambia mtu anayetumia dawa, na mmoja atakwambia "mimi niite kwa jina langu tu, niite fundi." Muite fundi. Chokoraa vilevile. Mtoto analala nje ya duka. Kosa si lake, na jina la jalalani umempa wewe.

Najua swali lenu, nalisoma machoni. Na wenyewe wakihitilafiana je? Watahitilafiana. Kwani nyinyi ndugu mlipatana lini nyote? Mmoja wa Rabai atasema Mrabai kwanza, mwengine Mijikenda kwanza. Usifanye kura. Mtu unayemhoji muite alivyojitambulisha yeye, na jamii nzima iite kwa jina litumiwalo na vyama na wazee wake. Kama kuna ugomvi wa kweli juu ya jina, huo wenyewe ni habari, ufanyie kipindi. Na mtu akikwambia "mimi sijali, niite vyovyote," mwamini, lakini usimfanye shahidi wa kuwanyamazisha wanaojali.

Swali la pili: na utani? Sisi ni watu wa utani, mtu na mtani wake watatukanana mazikoni na hakuna atakayekasirika. Sawa. Lakini mtani ana haki ya kukujibu palepale. Msikilizaji wako hana maikrofoni. Wasomali wakiitana kwa maneno yao nyumbani kwao, hiyo si ruhusa kwako kuyachukua ukayapiga redioni kila ukiona mtu mwenye asili hiyo. Na nikiwa hapo hapo: mara nyingi jina la kabila au hali ya mwili halina kazi yoyote kwenye habari. "Mwanamume mwenye ualbino aibiwa simu Kongowea." Aliibiwa kwa sababu ya ualbino? Kama sivyo, ni mwanamume aliyeibiwa simu Kongowea. Futa. Ni nusu ya sentensi imepungua na taarifa imekuwa bora.

La mwisho, kisha nawaachia maikrofoni. Baadhi yenu mnafanya vipindi vya historia, mnasoma barua za wamishenari, mashairi ya zamani, hotuba za magavana. Humo mtawakuta Wanyika, Wagala kwa Waoromo, Wakavirondo, na mengine mabaya zaidi. Msiyafute. Msomaji wa redio anayelibadilisha neno la Krapf kuwa Mijikenda amemsingizia Krapf adabu asiyokuwa nayo, na amemnyima msikilizaji nafasi ya kujua tulikotoka. Soma kama ilivyoandikwa. Ukimaliza kunukuu, sema mwaka, sema nani aliandika, kisha endelea kwa sauti yako mwenyewe ukitumia jina la wenyewe. Msikilizaji wa Kaloleni aliyewasha redio yake katikati ya kipindi aweze kujua bila shaka ni lipi la Krapf na ni lipi la kwako.

Ahsanteni. Mwenye swali aje hapa mbele, na aanze kwa kutuambia anaitwa nani.